Pikapu ya Kijani na Viroba vya Mchanga: Maisha ya Fundi Tena

Jina alilopewa na wazazi wake mtalikuta kwenye jalada la ratiba hii, chini ya picha, na limeandikwa bila kosa kwa sababu mdogo wake alimrudisha mchapaji mpaka mchapaji akanuna. Lakini ukilitaja jina hilo mtaani watu watakuuliza, "Huyo ndiye nani?" Marehemu alikuwa Fundi Tena. Wateja walimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, na mjukuu wake wa kwanza alipoanza kusema alimwita Babu Tena. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye kwenye gari hajui zaidi ya kufungua mlango, ila amesikia habari za breki maisha yake yote kuliko alivyosikia habari za nguo.

Fundi Tena alizaliwa Jumatatu, tarehe 9 Machi 1953, kifungua mimba wa nyumba ya watoto wawili. Baba alikuwa mpakiaji wa kiwanda cha matofali, mtu wa kifua kipana na maneno machache. Mama alikuwa mpishi wa shule. Waliishi vyumba viwili juu ya kilima, pale barabara inapoanza kuteremka kutoka kiwandani kuja hapa bondeni. Marehemu alikuwa mtoto wa wasiwasi tangu mwanzo. Mama alisimulia kwamba kila siku kabla ya kulala mtoto huyu alilijaribu komeo la mlango, akarudi kitandani, akainuka kulijaribu tena. Baba alicheka akasema, "Huyu tukimpeleka kulinda benki tutatajirika."

Alianza shule Januari 1960. Hesabu alizipenda. Mwandiko wake mwalimu alisema ni njia ya kuku penye majivu. Alikuwa akirudia kila jibu kabla ya kukabidhi daftari, na kwa hiyo alikuwa wa mwisho kutoka darasani siku zote, akiwa amepata zote na amekosa kucheza mpira.

Tarehe 17 Agosti 1967 lori la kiwanda, lililokuwa limetoka gereji wiki hiyo hiyo, lilishindwa kusimama kwenye mteremko. Baba alikuwa amekaa juu ya matofali. Fundi aliyelitengeneza alikuja msibani, akasimama mlangoni na kofia mkononi, akasema, "Mbona niliacha limekaa sawa." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa analia. Marehemu alikuwa na miaka kumi na minne. Alimtazama yule mtu muda mrefu, na tangu siku ile hakuna aliyeruhusiwa kusema "limekaa sawa" mbele yake, si mteja, si mwanafunzi wake, si mkewe. Mdogo wake naye, aliyekuwa binti wa miaka saba, hakuwahi tena kushuka mteremko ule kwa gari. Hushuka kwa miguu, jua liwake au mvua inyeshe, akifika sokoni na tope mpaka vifundoni. Wateja wake wanalijua tope hilo.

Mwalimu alikuja nyumbani kumwomba mama amrudishe kijana shuleni. Kijana mwenyewe ndiye aliyejibu. "Mwalimu," alisema, "nitasoma kitu kimoja tu. Nikikijua hicho nitakuwa nimemaliza shule." Mwalimu alidhani ni kiburi cha mtoto mwenye uchungu. Kumbe mtoto alikuwa na tumbo joto, na tumbo hilo halikupoa mpaka juzi.

Aliingia gereji iliyokuwa nyuma ya kituo cha mafuta, akaanza kwa kufagia. Mafundi wenzake walipenda injini, kwa sababu injini inanguruma na watu wanasikia umefanya kazi. Yeye alitaka breki. Na katika breki alipenda kazi ambayo wengine waliikimbia, ile ya kutoa upepo. Kwa ambao hamjui, na mdogo wake hakujua mpaka alipochorewa kwa chaki kwenye meza ya cherehani, mambo ni haya. Ukikanyaga pedeli, unasukuma mafuta kwenye mabomba membamba mpaka yafike kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika. Lakini upepo ukiingia humo, hata kidogo, unabonyea wenyewe, na mguu wako unaishia hewani. Marehemu alisema, "Ni kama kusimama juu ya godoro ukadhani umesimama sakafuni." Kuutoa kunahitaji watu wawili. Mmoja anakaa kwenye kiti na kupampu pedeli, kisha anaishikilia chini. Mwingine yuko kwenye gurudumu, anafungua kiskrubu kidogo kwa spana, mafuta yanatoka na mapovu, anafunga. Ndipo mwenye mguu anaachia. Akiachia kabla hajaambiwa, gari linavuta upepo mwingine na mnaanza upya.

Wengine walifanya hivyo mara chache, wakaona mapovu yameisha, wakanawa mikono. Yeye, mapovu yakiisha, alisema, "Tena." Yakiwa hayapo kabisa, alisema, "Tena." Mwenye gereji alimwambia, "Wewe Tena, gari litazeeka humu humu." Jina likamganda. Alichekwa sana. Hakuna gari lake lililorudi.

Mwaka 1981 alifungua gereji yake mwenyewe kwenye kiwanja kile cha nyumbani kwake, kule juu kilimani, chenye mlango wa mabati, akachimba shimo la kuingilia chini ya gari na kuweka benchi la mbao ambalo wengi wenu mmelikalia mkisubiri. Mnakumbuka vituko vyake. Gari likisimama, hata penye tambarare kama meza, aliweka mawe chini ya tairi. Akipewa lifti, aliinama dirishani na kumwomba dereva kwanza amruhusu kukanyaga pedeli. Kwenye harusi moja alimshusha dereva wa maharusi, akaingia yeye na shati jeupe, akakanyaga, akatoka kimya, akaenda kuleta vifaa. Bwana harusi alioa saa mbili baadaye. Na pikapu yoyote iliyoletwa kwa kazi ya breki aliipakia viroba vya mchanga nyuma, tairi zikiwa chini, ndipo aanze. Viroba hivyo vilikaa vimepangwa ukutani karibu na mlango wa jikoni, na mkewe alivilalamikia miaka yote. "Nyumba za wenzetu zina maua," alisema, "mimi nina mchanga." Hakumweleza sababu, naye hakuuliza. Alimwambia tu, "Weka mzigo kwanza, Mguu wangu."

Na huyo Mguu wangu alimpataje? Ilikuwa mwaka 1984. Binti mmoja, mhudumu wa duka la dawa, alitumwa na baba yake kuleta pikapu ya kijani ambayo breki zake zilivuta upande mmoja. Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kukanyaga, kwa hiyo fundi alimwomba yeye. "Nikisema shikilia, shikilia. Usiachie mpaka niseme." Binti akapampu, akashikilia. Fundi akafungua kiskrubu. Papo hapo dereva wa lori la kusambaza tairi akafika na kelele zake kuhusu mzigo uliopelekwa kusiko, na fundi, aliyekuwa mwepesi wa kupaniki, akatoka chini ya gari akaenda naye mpaka barabarani wakibishana. Aliporudi alimkuta binti bado yuko kwenye kiti, mguu unatetemeka, jasho linamtiririka, kiatu kimoja kimeanguka nje.

"Mbona hukuachia?" aliuliza.

"Hukusema."

Alifunga kiskrubu. Akakaa chini pale pale kwenye mafuta. Wanaume wengine huoa macho, wengine huoa sauti. Kaka yetu alioa mguu, na mkewe amekubali hili liandikwe. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 1984, wakajaliwa binti mmoja. Baba mkwe alipoacha kuendesha aliwapa ile pikapu ya kijani. Kuanzia hapo hakuna mtu mwingine aliyekanyaga pedeli kwa kazi ya upepo kwenye gereji ile isipokuwa mkewe. Alitoka duka la dawa, akavua koti jeupe, akapanda kwenye magari ya watu. Ukipita nje ya mlango wa mabati uliwasikia: "Shikilia." "Nimeshikilia." "Achia." "Nimeachia." "Tena." Majirani walisema hao wawili hawakuwa wakigombana kwa sababu maneno yote yaliishia kwenye breki.

Binti yao alikua, akawa mfanyabiashara wa magodoro. Baba aliona ni dhihaka ya makusudi, kwamba mtoto wake auze kitu kile kile alichokitumia maisha yake yote kuelezea breki mbovu. Lakini alimpa ile pikapu ya kijani, na kila siku binti aliipakia magodoro mpaka yakapita kichwa cha gari na kuteremka nayo mteremko wa kiwanda cha matofali. Kila siku baba alisimama mlangoni mpaka apigiwe simu kwamba amefika. Miaka yote hiyo hakumzuia. Alisema, "Breki ninazijua."

Mwezi Machi mwaka huu binti alirudi jioni akamwambia, "Baba, pedeli imekuwa laini."

Fundi Tena aliingia kwenye gari kabla binti hajashuka vizuri. Akakanyaga. Pedeli ilizama mpaka karibu na sakafu. Akapampu, ikapanda. Akaiacha kidogo, akakanyaga, ikazama. Alitoa ufunguo akautia mfukoni mwake. "Hakuna anayeendesha hii," alisema, na sauti yake, binti anasema, ilikuwa kama ya mtu aliyemwona nyoka.

Kwa fundi mwingine ingekuwa kazi ya asubuhi moja. Kwake pia ingekuwa hivyo zamani. Lakini tangu mwaka jana kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua. Alipumua kama mtu aliyepanda ngazi hata akiwa amekaa, miguu ilivimba, na kushuka shimoni hakuweza tena. Kwa hiyo aliinyanyua pikapu juu kwa jeki na kuikalisha kwenye vigogo, magurudumu yakining'inia, ili afanye kazi akiwa kwenye kigoda. Sote tulifurahi. Mdogo wake mwenyewe alimsifu: "Angalau sasa umeanza kujihurumia." Hakuna aliyewaza chochote zaidi.

Akaanza. Mkewe kwenye kiti, yeye kwenye kigoda. Shikilia, nimeshikilia, achia, nimeachia, tena. Mapovu yalitoka mbele, yakaisha. Nyuma mafuta yalichuruzika kidogo, bila povu, kama vile kumekwisha. Pedeli ikabaki godoro. Akafungua masta, ile silinda kubwa inayosukuma mafuta, akabadilisha mipira yake. Ikabaki. Akabadilisha masta nzima. Akabadilisha mabomba ya mpira yaliyokuwa yamevimba. Akafungua ngoma za nyuma, vile vibakuli vya chuma vinavyofunika breki, akitafuta uvujaji, hakukuwa na tone. Kila mara alianza akiwa na matumaini, na kila mara pedeli ilizama. Lile neno lake, ambalo alilisema miaka yote kwa fahari, tuliliona linageuka kuwa mguno. Alikonda. Aliacha kumalizia chakula, akiinuka mezani kwenda kukanyaga pedeli mara moja tu, kisha anarudi na kukaa.

Binti naye alikuwa amebanwa. Wateja walingoja magodoro. Siku moja alisema kwa upole, "Baba, nitakwenda polepole. Gia ya kwanza mpaka chini."

"Babu yako," alijibu, "naye aliambiwa gari litakwenda polepole."

Binti hakurudia tena.

Mdogo wake alimkuta wiki ile amekaa kwenye benchi la wateja, mikono mitupu. Huyu alikuwa mtu ambaye mikono yake haikuwahi kuwa mitupu. "Nimekosea mahali," alimwambia. "Kuna kitu ninakijua, na nimekosea, na sikioni. Sasa nifikirie magari yote yale. Mangapi nimeyakosea hivi hivi bila kujua?" Mdogo wake alimwambia hakuna hata moja lililorudi. Alijibu, "La baba pia halikurudi." Kwa kweli neno hilo lilituumiza, na linatuuma bado.

Tarehe 13 Mei alilazwa. Madaktari walisema moyo umechoka na maji yamejaa mapafuni. Mkewe, kwa kazi yake ya duka la dawa, alizisoma zile dawa akajua kabla ya kuambiwa. Wodini marehemu hakuuliza habari za moyo. Aliuliza, "Ufunguo anao nani?" Aliwauliza wauguzi, aliwauliza wagonjwa wa vitanda vya jirani, na muuguzi mmoja alitafuta funguo za kabati zote akidhani ameibiwa vitu vyake. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga ubao wa kitanda, taratibu, mara ukanyage, mara uachie. Mwishowe mkewe aliufunga ufunguo wa pikapu kwa uzi akauvaa shingoni, na kila alipouliza aliuinua. "Ninao mimi. Uko hapa." Hapo alitulia, lakini si kwa muda mrefu.

Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Nimekosea mahali, Mguu wangu. Mtoto asiiendeshe." Tungependa kuwaambia kwamba aliondoka kwa utulivu. Aliondoka na wasiwasi. Alizaliwa nao, akautumia kutulinda sisi sote, na mwisho ulimlemea.

Sasa inabidi wasifu huu useme jambo ambalo kwa kawaida haliandikwi, kwa sababu lilitokea baada ya kifo chake na bado ni la kwake.

Familia ilipokaa kupanga mazishi, ilishauriwa tukodi gari la kumteremsha mpaka makaburini huku bondeni. Mjane aliuliza, "Gari hilo breki zake nani amezikanyaga?"

"Mama, ni gari zima," aliambiwa.

"Hata lile lori lililomuua baba yake lilikuwa zima." Akaushika ule ufunguo shingoni. "Mtu huyu hakupanda gari asilolijaribu, na mimi simpandishi leo kwa kuwa hawezi kusema. Atateremka kwa kijani, au mtambeba kwa mikono."

Kijani ilikuwa bado iko juu ya vigogo, pedeli imezama, na marehemu mwenyewe alikuwa amekataza isiendeshwe. Tulimwona mjane amechanganyikiwa kwa huzuni. Lakini nani angembishia?

Jumatano alikuja mwanafunzi wake wa kwanza, ambaye sasa ana gereji yake na kitambi chake. Mnamjua kwa jina la Namba Kumi, kwa sababu spana namba kumi ndiyo aliyokuwa akiipoteza kila siku. Hakugusa vigogo. Aliacha gari kama mwalimu wake alivyoliacha, kwa heshima, akakaa kwenye kile kile kigoda. Mjane akapanda kwenye kiti. Mdogo wake alipewa kazi ya kusimama mbele, boneti ikiwa wazi, na kuangalia kikopo cha mafuta ya breki kisikauke, maana kikikauka upepo unaingia kwa juu. Alikitazama kikopo kile roho mkononi, kama mtu anayelinda uji usifurike. Namba Kumi akasema, "Shikilia." Mjane akajibu, "Nimeshikilia." Nyuma pakatoka mafuta kidogo, safi, bila povu. Achia. Nimeachia. Tena. Wakaendelea mpaka shati la Namba Kumi likalowa. Pedeli ikazama kama ilivyokuwa ikizama.

Namba Kumi alifuta mikono, akasema bila kututazama, "Mama, sijui. Kama yeye alishindwa, mimi ni nani?"

Mjane hakushuka. Alikuwa anatazama nje ya dirisha, ukutani, karibu na mlango wa jikoni. Akauliza, "Kwani siku hizi hamuweki viroba?"

"Viroba vipi, mama?"

"Vya mchanga. Miaka yote ameniambia weka mzigo kwanza. Safari hii hakusema. Nilidhani ni kwa sababu hana nguvu za kubeba."

Namba Kumi aliinama akautazama uvungu wa nyuma. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mama yangu," alisema. "Mama yangu wee. Na mimi nimekaa hapa nikitazama magurudumu yananing'inia!"

Akatuonyesha. Karibu na ekseli ya nyuma kuna valvu ndogo yenye mkono wa chuma. Pikapu ikibeba mzigo, nyuma inakaa chini, mkono unasukumwa na valvu inafungua njia ili breki za nyuma zipate mafuta ya kutosha. Ikiwa tupu, inapunguza. Ukilinyanyua gari hadi magurudumu yaning'inie, ile valvu inaona gari ni jepesi kuliko jepesi, na inabana njia karibu yote. Mafuta yanapita machache, na upepo uliojificha kule nyuma hautoki ng'o, hata ukanyage mwaka mzima. Ndiyo maana ya viroba. Fundi Tena alilijua hilo tangu ujana wake na hakuwahi kulikosea hata siku moja, mpaka kifua kilipomlazimisha akae kwenye kigoda.

Tuliishusha ile pikapu ikakaa kwenye tairi zake. Tukavibeba viroba, binti, mdogo wake, na wanaume wawili waliokuwa wamekuja kutoa pole wakajikuta wana mchanga mabegani. Nyuma ya gari ikashuka. Namba Kumi akalala chini chali, kitambi na yote, akaingia uvunguni. "Shikilia." "Nimeshikilia." Na mapovu yakatoka. Yalitoka kwa fujo, kama chungu kilichochemka, yakatoka tena, na tena, na Namba Kumi alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, uso umejaa mafuta. Alipomaliza magurudumu yote, mafuta yakiwa safi kabisa, aliirudisha spana kwenye kiskrubu, akasema, "Tena." Hakuna aliyecheka.

Pedeli ilipanda. Ilisimama juu, ngumu kama jiwe. Namba Kumi akasema, "Achia, mama. Tumemaliza."

Mjane aliendelea kuikanyaga. "Subirini," alisema. "Subirini kidogo." Tukasubiri.

Kwa hiyo, kaka, sikiliza, maana hili ulilitaka sana. Hukusahau kazi. Hukuyakosea yale magari. Ulikosea gari moja, la mwisho, kwa sababu ulikuwa mgonjwa na ulitaka kumlinda mtoto wako hata kama huwezi kuinama. Mkeo alikuwa ameishika ile sehemu uliyoikosa, bila kujua kwamba ameishika. Tungetoa chochote ulijue hilo wodini.

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja na mkwe mmoja, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike, Namba Kumi na mafundi wengine aliowafundisha, gereji, na pikapu ya kijani.

Wasifu huu unaandikwa Alhamisi, na mchapaji amesimama mlangoni. Pikapu imejaribiwa jana na leo penye tambarare na imesimama kila ilipoambiwa. Mteremkoni haijafika, kwa kuwa mafundi wa barabara wanatengeneza kalavati kule chini na wamesema watafungua Jumamosi asubuhi. Atakayeendesha ni binti. Mjane atakaa katikati. Viroba vitabaki nyuma, kushoto na kulia kwa jeneza, ili valvu ijue kuna mzigo. Kiti cha mlangoni kiko wazi, na mjane amemwambia wifi yake, "Ni chako." Marehemu alimwambia mdogo wake huyu mara nyingi, "Siku moja utashuka na mimi," na mdogo wake alimjibu siku zote, "Siku utakapoacha kusema tena." Sasa ameacha. Mdogo wake anaogopa. Mstari huu ameufuta na kuuandika upya mara tatu, na mchapaji anadhani ni kilio tu.

Usiku wa kuamkia leo imenyesha, na watu wa hali ya hewa wamesema mvua itaendelea mpaka mwisho wa wiki. Njia ya miguu itakuwa tope tupu. Basi ninyi mlioko penye kaburi, mtakapoyasikia maneno haya, mtazameni anayeyasoma, maana atayasoma mdogo wake mwenyewe. Tazameni viatu vyake. Kama ni visafi, mjue alipanda, na mjue breki zilishika mpaka chini.

Apumzike kwa amani Fundi Tena. Ufunguo anao mkewe.